Saa ya ukutani: namna ya kurudi Japani baada ya likizo fupi Lamu

Nimerudi Japani kutoka Lamu mara tatu. Mara ya kwanza nilirudi vibaya. Nililia kwenye treni kutoka uwanja wa ndege mpaka mama aliyekaa kando yangu akanipa pakiti ya tishu bila kusema neno, na mwezi mzima uliofuata sikuwa wa huku wala wa kule. Mara ya tatu, Januari iliyopita, nilirudi salama, na kufika siku ya kumi nilikuwa nalala, nala na kufanya kazi kama kawaida. Moyo wangu ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba nilijua la kufanya, na mengi ya kufanya ni mambo madogo. Ninamwandikia mtu wa kwetu anayekwenda Lamu kwa wiki mbili tatu kisha arudi kazini Japani.

Mimi ni wa Langoni, mtaa wa Lamu mjini. Ninaishi Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka, huu mwaka wa saba, na kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee. Sheria ya kazi ya Japani humpa mfanyakazi wa siku zote likizo yenye malipo ya siku 10 akitimiza miezi 6, na huongezeka pole pole hadi siku 20 kwa mwaka. Ukiunganisha na siku zako za mapumziko unapata wiki tatu. Safari yenyewe inakula siku mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo hesabu siku za nyumbani, usihesabu siku za likizo.

Kabla hujatoka Japani

Kurudi kunaanzia hapa. Pale uhamiaji, siku ya kuondoka, utajaza kikaratasi cha kutoka. Kina kijisanduku cha kusema kwamba unatoka kwa muda na unakusudia kurudi. Kitie alama. Ukishakitia alama, na kadi yako ya ukaazi na pasipoti zote ziko hai, unaruhusiwa kurudi ndani ya mwaka 1 bila kuomba kibali kingine. Kadi ikiisha kabla ya mwaka, basi mwisho wako ni tarehe ya kadi. Muda huo hauongezwi ukiwa nje ya nchi. Usipotia alama, haki yako ya kukaa inakatika pale pale ukivuka, na kurudi kwako kutakuwa ni kuomba viza upya. Mambo mengine yote ninayoyasema ukiyasahau utasumbuka tu, lakini hili ukilisahau umepoteza kazi na nyumba. Ile kadi iweke pamoja na pasipoti mwilini mwako, isiingie kwenye sanduku.

Nyumba iache tayari kukupokea. Toa taka siku yake, hata kama ni kifuko kimoja, kwa sababu ukirudi usiku utakuta siku ya taka imepita na harufu imekaa. Mimina maji kwenye mifereji ya bafu na jikoni asubuhi ya kuondoka. Yale maji yaliyokaa kwenye bomba lililopinda ndiyo yanayozuia uvundo wa chini usipande, na wiki tatu zinatosha kuyakausha. Safari yangu ya pili nilirudi mwanzo wa Julai, msimu wa mvua, nikakuta viatu vyangu vya ngozi vimeota ukungu wa kijani kibichi, na mkeka wangu wa kuswalia pia. Tangu hapo kabati huliacha wazi na mkeka huutundika. Kama una baiskeli, jaza upepo kabla ya kuondoka, na ujue utaujaza tena ukirudi.

Kisha acha kitu mikononi mwa mtu. Mimi nina kopo la mrehani, mbegu nilinunua huku huku dukani. Nikiondoka humpelekea jirani yangu, bibi wa miaka themanini na ushei anayekaa mlango wa tatu. Si kwamba mrehani ni wa thamani. Ni kwamba siku nikirudi kuna mlango lazima niugonge, na kuna mtu atafungua aseme "Okaeri", yaani umerudi nyumbani, nami nimjibu "Tadaima", nimerudi. Wajapani hawasemi maneno haya kwa mgeni. Humwambia wa nyumbani. Mtu anayerudi akaingia chumbani peke yake bila kuyasikia maneno hayo, usiku wake wa kwanza ni mrefu sana.

Ukiwa Lamu, taja tarehe

Mara ya kwanza nilimficha Mama siku ya kuondoka. Nilidhani namwonea huruma. Kila akiuliza nikasema, "Bado, Mama, bado." Nikaja kumwambia zikiwa zimebaki siku mbili tu. Alinyamaza, akaingia jikoni, akaanza kukaanga visheti saa tano za usiku, mafuta yanamrukia mikononi hata hayaoni. Nilimwibia siku zake za kujiandaa, na sitarudia.

Sasa nikifika tu, kabla ya kufungua sanduku, namwambia tarehe na saa ya ndege. Yeye huchukua chaki akaiandika nyuma ya mlango wa jikoni. Tarehe ikishakuwa mlangoni, kila mmoja anajipanga nayo. Khalati anajua ni Jumatano gani atanialika, Ami anajua lini atanipeleka kijijini Matondoni, na wale wenye maombi ya pesa wanakuja mapema, si kwenye gati. Maombi nayo yapangie kiasi kabla ya kutoka Japani, ukubaliane na nafsi yako, na kikiisha sema kimeisha. Kukopa ili uonekane mwema nyumbani ni kujitengenezea mwezi wa kwanza mgumu.

Siku mbili za mwisho usizunguke kuaga watu. Maliza kuaga siku ya tatu kutoka mwisho. Ya kwanza katika mbili hizo ni ya kufunga mizigo, na ya mwisho ni ya wazazi tu. Mwaka huu tulikaa darini, Mama na mimi, toka Alasiri mpaka Isha, akinionyesha kushona kofia ya vito.

Hapa nisimame kidogo, maana kofia hii ndiyo iliyonivusha. Wenye kuijua kazi hii wanajua haina haraka. Vitambaa viwili vyeupe vinabandanishwa, nakshi inachorwa kwa penseli, kisha unatoboa vitundu kwa sindano nene na kila kitundu unakizungusha uzi mpaka kingo zake zisimame ngumu kama mdomo wa kikombe kidogo. Vitundu ni mamia. Kofia moja nzuri inakula miezi. Mama alikuwa ameianza ya Baba, ameshamaliza sehemu ya juu. Akaikata kazi pale, akanipa ukanda wa pembeni ukiwa umechorwa tu, pamoja na uzi na sindano mbili, akaniambia, "Huu ni wako. Ukiya nao mwakani tutaunganisha." Bibi yangu angekuwa hai angesema ndiyo hivyo, kazi ya watu wawili haifi. Wewe si lazima iwe kofia. Iwe kitu chochote kilichoanzwa nyumbani ambacho hakiwezi kumalizika bila wewe kurudi nacho. Lakini kiwe cha mikono. Simu haifai kwa hili, na nitaeleza kwa nini.

Mizigo na uwanja wa ndege

Safari ya kwanza nilibeba maembe ngowe kumi na mawili. Nilikuwa nimeyachagua moja moja sokoni, nikayafunga kila moja kwa gazeti. Japani hairuhusu maembe mabichi kutoka kwetu, kwa kuogopa nzi wa matunda. Afisa wa karantini ya mimea aliyatoa yote mbele yangu kwa adabu kubwa, akaniomba nisaini, na chumba kizima kikanukia Lamu. Ndiyo maana nililia kwenye treni. Basi sikia: matunda mabichi, miche na udongo, acha. Nyama ya aina yoyote, hata mshikaki uliokaushwa, hata kipande cha sambusa ya nyama ulichosahau kwenye mkoba, acha. Adhabu ya kuingiza nyama bila cheti inafika hadi kifungo cha miaka 3 au faini ya yeni milioni 3.

Halwa inapita. Achari ya embe iliyoiva ndani ya chupa nayo imenipitia. Bizari nunua zilizofungwa kiwandani, si za kupimiwa kwa karatasi. Chochote unachokitilia shaka, kitaje kwenye fomu ya forodha na ukionyeshe mwenyewe. Anayeonyesha hunyang'anywa tu, anayeficha ndiye anayeshtakiwa. Dawa za hospitali beba za mwezi 1, usizidishe, na angalia dawa za mafua: zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 ni marufuku kabisa, ingawa kwingine zinauzwa kama peremende.

Zawadi za kazini ni wajibu. Wenzako walibeba zamu zako. Kinachotakiwa ni kitu kidogo, kilichofungwa kimoja kimoja, kinachotosha idadi ya watu wote bila kubaki mtu. Mimi huhesabu majina kwenye ratiba ya zamu kabla ya kusafiri. Tulikuwa 27, nikabeba vifuko 30 vya majani ya chai ya Kenya, kila kimoja na karatasi yake. Halwa niliwahi kupeleka, lakini haigawanyiki bila kisu na sahani, ikakaa kwenye friji kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza.

Kuhusu masanduku: ukiwa unaendelea na Shinkansen, treni ya mwendo kasi, kama mimi, sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinapita sentimita 160 linahitaji kiti cha kuwekewa nafasi mapema. Mimi sihangaiki. Pale pale kwenye ukumbi wa kuwasili kuna kaunta za kupeleka mizigo nyumbani, huduma inayoitwa takuhaibin. Nalipa, nabaki na begi la mgongoni, na sanduku linanifuata kesho yake mlangoni. Baada ya boti ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda, ndege ya Nairobi, saa tano mpaka Doha na kumi nyingine mpaka uwanja wa Narita, mikono mitupu ni neema.

Saa

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinichukua miaka minne kuligundua.

Japani iko mbele ya Kenya kwa saa 6. Na sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo hesabu yetu inapishana na tarakimu za saa kwa 6 pia. Weka hayo mawili pamoja. Tazama saa ya ukutani ya Japani, akrabu fupi iko kwenye 3, ni alasiri huku. Lamu wakati huo ni saa tatu asubuhi. Akrabu iko kwenye 8, huku usiku umeingia, Lamu ni saa nane mchana. Saa ya ukutani ya Japani inasema saa ya Lamu kwa Kiswahili, mchana na usiku, mwaka mzima, wala hazibadiliki kwa msimu maana nchi zote mbili hazisogezi saa. Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha mapumziko kazini nilipoliona hili, na nilikaa chini. Miaka yote nilikuwa natoa sita kwa vidole.

Kwa hiyo nunua saa ya mishale, ya bei ndogo, uitundike mahali unapoiona ukiwa kitandani. Huhitaji saa mbili.

Hii inasaidia hata uchovu wa safari. Kwenda mashariki ndiko kugumu, kwa sababu unaulazimisha mwili kulala mapema kuliko unavyotaka, na mwili hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja kwa siku. Kwa hiyo sita zinahitaji siku sita, saba. Usiku wa kwanza huku, ukijilaza saa nne, kwa mwili wako ni saa kumi alasiri. Utakodoa macho mpaka saa tisa za usiku. Usishike simu. Mwanga wake unaurudisha mwili nyuma, na zaidi ya hayo akrabu iko kwenye 3, Lamu ni saa tatu usiku, watu wametoka Isha wako barazani, na vikundi vyote vya familia vimewaka. Utaingia na hutatoka. Huo ndio wakati wa kofia. Washa taa ndogo ya manjano, toboa, zungusha uzi, toboa. Mimi usiku wa kwanza nilifanya vitundu kumi na vinne, wa pili tisa, wa tatu vitatu tu na sindano ikanidondoka usingizini.

Asubuhi kuna mtego. Watu husema ukifika toka nje upigwe na jua mapema. Ukitoka Lamu, siku za mwanzo si kweli. Jua la saa moja asubuhi ya Hamamatsu linakukuta mwilini ni saa saba za usiku wa Lamu, na linausukuma mwili upande usiotakiwa. Swali Alfajiri kwa taa ndogo, acha pazia limefungwa, rudi kitandani. Jua linalotibu ni la kuanzia saa tano. Tazama ukutani wakati huo: akrabu iko kwenye 11, na Lamu ni saa kumi na moja alfajiri, wanaamshwa na adhana. Toka nje nao. Kila siku itakayofuata sogeza mapema kwa saa moja.

Kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kusafiri muombe anayepanga zamu akupe osoban kwa siku tatu za mwanzo, ile zamu inayoanza saa tano asubuhi. Zamu ya mapema ya hayaban itakukuta mwili uko katikati ya usiku, na kumwinua mzee kutoka kitandani ukiwa umesinzia ni hatari kwake kuliko kwako. Mimi siku hizi humwomba mkuu wangu mwezi mmoja kabla, kwa maandishi, na sababu hiyo ya usalama anaielewa mara moja.

Kibla nacho kitakuchanganya. Ukiwa Lamu, Makka iko karibu kaskazini kabisa, mpaka tukisema upande wa kibla tunamaanisha kaskazini. Hamamatsu unaelekea magharibi, umeinama kidogo kaskazini. Baada ya wiki tatu nyumbani nilijikuta nimetandika mkeka kuelekea friji.

Kazini, na chakula

Siku ya kwanza fika dakika ishirini kabla. Mwendee mkuu kwanza, kisha kila mwenzako, mmoja mmoja, ukiinama, useme "Oyasumi itadakimashite, arigatō gozaimashita", yaani asante kwa likizo mliyonipa. Usiwasimulie safari mpaka waulize. Ulimi utakuwa mzito. Wiki tatu za Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, huufuta ustadi wa maneno ya heshima, na kumbukumbu za wazee unaziandika kwa Kijapani. Dawa yangu ni kuanza njiani. Pale Doha, ninaposubiri ndege ya pili, naandika kwa Kijapani orodha ya mambo ya wiki inayokuja, na sisemi Kiswahili tena hata na nafsi yangu mpaka nipite forodha.

Chakula, nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaukubali. Usile chakula cha Lamu usiku wa kwanza. Halwa ikae ndani ya sanduku mpaka siku ya tatu. Usiku wa kwanza kula chakula cha huku: wali wao, supu ya miso, samaki wa kuchoma. Ukianza na wali wa nazi unaulinganisha ule wa tui la mkebe na wa Mama, na wa mkebe utashindwa. Siku ya tatu, mwili umeanza kutulia, fungua halwa, chemsha kahawa, mgongee jirani.

Siku ya kwanza ya mapumziko mimi hupanda basi kutoka stesheni mpaka Nakatajima. Ni vilima vya mchanga kando ya bahari ya Pasifiki, na kasa hupanda pale kutaga wakati wa joto, kama wanavyotaga kwetu. Januari upepo wa Enshū, jina la zamani la eneo hili, wanauita karakkaze, unakata masikio na mchanga unapiga miguu. Lakini ni mchanga unaozama ukikanyaga, kama ule wa Shela. Napanda mpaka juu, nakaa mgongo kwa upepo, napiga simu nyumbani saa yangu ikiwa kwenye 4, wakati Mama amemaliza kazi za asubuhi. Simu hiyo ya kwanza ndefu nimeiweka kwa makusudi siku hiyo na mahali hapo. Kabla yake natuma ujumbe tu kuwa nimefika.

Mwaka huu nilimwuliza kama tarehe ya kuondoka kwangu bado iko mlangoni. Akasema ameipangusa ameandika nyingine. Nikamwambia sijapanga bado, itategemea ratiba. Akasema ameandika Februari bila siku, siku nitamwambia nikishaijua. Jumatatu iliyofuata nilipeleka ombi kwa mkuu wangu. Ukanda wa kofia umefika vitundu tisini na sita.